Maisha ya Kanjogera, Mama wa Mfalme

Katika kurasa hizi za Kiswahili tumezoea kusoma habari za watu mashuhuri wa zamani, na mara nyingi watu hao ni wema: waliojenga, walioponya, au waliokufa kwa ajili ya wenzao. Leo nataka kuwapeni habari za mtu ambaye wengi hapa Rwanda, wakisikia jina lake, hutikisa kichwa. Jina lake ni Kanjogera. Lakini kabla sijaanza yanipasa kueleza jinsi nilivyomfikia, kwa maana nilimfikia kwa njia ya mchezo, na mchezo huo nusura univunjie urafiki.

Hapa Gisenyi, katika Wilaya ya Rubavu, sisi vijana sita hukutana Jumamosi alasiri kucheza mchezo wa masimulizi. Mmoja wetu huwa msimulizi, na wengine kila mmoja huchukua mtu wake wa hadithi: huyu mwindaji, huyu mganga, huyu mhunzi, huyu mpiga mishale. Msimulizi hueleza nchi ya kubuni, milima yake, mazimwi yake na wafalme wake. Wachezaji husema watakalofanya, na panapokuwa na shaka kama jambo litafaulu au halitafaulu, dadu hutupwa. Hakuna mshindi wala mshindwa. Ni hadithi inayotungwa na watu wengi pamoja, wala hapana ajuaye mwisho wake.

Muhula mmoja zamu ya usimulizi ilikuwa yangu. Nalitaka hadithi yangu iwe na adui mkuu, tena asiwe zimwi la kuchomwa mkuki tu, bali ayari, mtu wa hila, anayekula na watu huku akiwachimbia shimo. Nikamtunga malkia wa nchi iliyo chini ya mlima wa moto. Nikafanya makosa mawili.

Kosa la kwanza lilikuwa la kuchekesha. Nalimpa malkia wangu macho mekundu, kicheko kibaya na nyumba yenye giza. Basi wenzangu walimtambua siku ile ile ya kwanza. Chakula chake walikikataa, zawadi zake walizitupa mtoni, na usiku walilala kwa zamu. Hila haikupata nafasi hata kidogo.

Kosa la pili halikuwa la kuchekesha. Ili kueleza ubaya wa malkia huyo ulitoka wapi, nalisema kwamba watu wote wa ukoo wake, waliozaliwa na watakaozaliwa, ni waongo kwa damu, na kwamba dawa yao ni moja tu. Rafiki yangu mmoja akaziweka dadu chini, akainuka, akaondoka bila kuaga. Nikamfuata nje nikamwuliza sababu. Alinieleza kwa sauti ndogo kwamba nyumbani kwao ukutani kuna picha za watu ambao yeye hakuwaona kamwe, waliouawa katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Akasema kwamba kabla ya panga yalitangulia maneno, na maneno yenyewe yalikuwa ya namna ile ile niliyokuwa nikiyasimulia kwa furaha: kwamba kuna watu waliozaliwa na hila. Sikuwa na jibu la kumpa.

Siku ya pili yake nilikwenda kwa mwalimu wetu wa historia, nikamweleza yote. Hakunikemea. Alinitaka nisome maisha ya Kanjogera, kisha nirudi nimjibu swali moja tu: hila za mwanamke yule zilitoka katika damu yake, au katika yale aliyoyachagua mwenyewe? Basi hizi ndizo habari nilizozipata.

Kanjogera alikuwa binti wa Rwakagara, wa ukoo wa Abega, ukoo mkubwa uliowapa wafalme wa Rwanda wake na mama zao mara nyingi. Miongoni mwa ndugu zake wawili ndio waliokuja kuwa na nguvu kubwa katika nchi, nao ni Kabare na Ruhinankiko. Aliolewa na Mwami Kigeli Rwabugiri, mfalme mpiganaji asiyejua kutulia. Rwabugiri alihama kutoka boma hata boma, akapiga vita pande zote za nchi, akakiteka hata kisiwa cha Ijwi kilichomo katika Ziwa letu la Kivu. Wakubwa wengi waliinuliwa naye asubuhi na kuangushwa jioni. Katika nyumba ya mfalme wa namna hiyo, yenye wake wengi, mwanamke aliyetaka kuishi alijifunza mapema kunyamaza, kusikiliza na kuhesabu. Kanjogera alizaa mtoto wa kiume, jina lake Musinga.

Hapa sina budi kueleza desturi moja, kwa sababu bila desturi hiyo habari yote haieleweki. Zamani zile Mwami wa Rwanda hakutawala peke yake. Pamoja naye alikuwako umugabekazi, yaani mama wa mfalme, mwenye boma lake, watu wake na sauti yake katika mashauri. Jina lake la enzi lilifuata jina la mfalme: Mwami akiitwa Mibambwe, mama huitwa Nyiramibambwe, Mwami akiitwa Yuhi, mama huitwa Nyirayuhi. Na ikiwa mama mzazi wa mfalme amekwisha kufa, hutafutwa mwanamke mwingine wa kushika mahali pake.

Mwaka 1889 Rwabugiri alimtawaza mwanawe Rutarindwa awe mfalme pamoja naye, akapewa jina la Mibambwe. Mama mzazi wa Rutarindwa alikuwa amekwisha kufa. Katika wake zake wote, Rwabugiri akamchagua Kanjogera awe mama wa Rutarindwa kwa desturi. Angalieni sana jambo hili, ndugu wasomaji. Mwanamke mmoja sasa alikuwa na watoto wawili: mmoja mfalme, ambaye hakumzaa, mwingine wa tumbo lake, ambaye si mfalme. Hakuiba cheo hicho wala hakukiomba kwa hila. Alipewa mchana, mbele ya watu wote. Na hatari yake haikufichika, kwa maana mfalme aliwaweka karibu na Rutarindwa watu wenye nguvu wa kumlinda, nao ni Bisangwa na Mugugu.

Mwaka 1894 Mdachi mmoja, Count von Götzen, aliingia Rwanda kutoka mashariki. Alimkuta Rwabugiri huko Kageyo, kisha akaendelea na safari mpaka hapa kwetu kando ya ziwa, akaupanda mlima Nyiragongo. Alipita kama mgeni apitaye, lakini nyuma yake wengine walikuwa wakija. Mwaka uliofuata, 1895, Rwabugiri alikufa akiwa katika vita vyake vya magharibi, upande wa Ziwa Kivu. Rutarindwa akabaki mfalme, na Kanjogera akabaki mama yake.

Laiti angetaka, Kanjogera angaliweza kuishia hapo. Alikuwa na heshima yote ambayo mwanamke wa Rwanda angeweza kuipata. Walakini mama wa kupewa ana heshima ya kuazimwa, na nadhani yeye na ndugu zake walijua kwamba siku moja Rutarindwa angewasikiliza wengine. Hayo ni mawazo yangu mimi. Lililo hakika ni kwamba kuanzia siku zile walinzi wa mfalme walianza kupungua.

Mwaka 1896 maofisa Wabelgiji kutoka Kongo walipiga kambi Shangi, kusini-magharibi ya nchi, kando ya ziwa. Jeshi la Rwanda likaenda kuwafukuza kwa mikuki na mishale, likapigwa vibaya kwa bunduki, na Bisangwa akafa katika vita hivyo. Kifo chake kilikuwa kifo cha vita, wala hakuna aliyehitaji kuulizwa. Kisha Mugugu naye akaangushwa kwa fitina, akauawa. Kila kifo kilikuwa na sababu yake ya kutosha, na kila sababu ilionekana kuwa mbali na ile nyingine. Mtu akiyatazama mambo hayo moja moja haoni kitu. Akiyapanga pamoja anaona uzio wa mfalme ukiondolewa mti baada ya mti.

Mwezi wa Desemba mwaka huo huo wa 1896 makao ya mfalme yalikuwa Rucunshu, karibu na Kabgayi, katika Wilaya ya Muhanga ya leo. Hapo ndipo watu wa Kanjogera na watu wa Rutarindwa walipopigana. Wazee husimulia kwamba kwanza mambo yaliwaendea vibaya watu wa Kanjogera, hata yeye mwenyewe akakata tamaa akawa tayari kufa pamoja na mwanawe. Lakini Kabare akamchukua Musinga, akamwinua juu mbele ya wapiganaji wapate kumwona mfalme wao, na msaada ulipofika vita vikageuka. Rutarindwa, alipoona yamekwisha, aliitia moto nyumba aliyokuwamo, akafa humo pamoja na mkewe Kanyonga na watoto wao.

Katika moto huo ilikuwamo ngoma ya ufalme, Karinga, ambayo kwa Wanyarwanda wa zamani ilikuwa ndiyo roho ya nchi. Watu walipolia kwa ajili ya ngoma, Kabare aliwajibu kwamba mfalme ndiye jambo la kwanza, na ngoma huchongwa kwa mti. Maneno hayo hayajasahauliwa hata leo. Kwangu mimi yanaonyesha jinsi mtu afikiavyo mahali ambapo hakuna kitu kitakatifu tena isipokuwa kushinda.

Musinga, ambaye alikuwa mvulana bado, akatawazwa kwa jina la Yuhi. Kanjogera akawa Nyirayuhi. Safari hii alikuwa mama wa mfalme kweli kweli, kwa desturi na kwa tumbo.

Huenda mtu akadhani kwamba hadithi ya ayari huishia pale apatapo alichokitaka. Sivyo. Hapo ndipo kazi ilipoanza, kwa sababu ufalme ulioibwa lazima ulindwe usiku na mchana. Wakubwa wengi waliompenda Rutarindwa waliuawa au walikimbia, na wana kadhaa wa Rwabugiri hawakupona. Na wageni nao walikuwa wakija.

Mwezi wa Machi mwaka 1897, miezi michache tu baada ya Rucunshu, Kapteni Ramsay wa Wadachi alifika kumwona Mwami. Kanjogera na ndugu zake hawakutaka kumtoa mtoto mbele ya mgeni mwenye bunduki. Wakamchukua mtu mzima aitwaye Mpamarugamba, wakamketisha mahali pa mfalme, naye akampokea Mdachi kana kwamba ndiye Yuhi. Ramsay akampa barua ya ulinzi na bendera, kumbe mfalme hakuwa yule. Na mwezi wa Februari mwaka 1900, Askofu Hirth na Mapadri Weupe walipofika Nyanza kuomba mahali pa kukaa, Mpamarugamba alitolewa tena, akawapokea nao.

Niliposoma habari hizi nilicheka peke yangu, kwa maana hapo niliuona mchezo wetu wa Jumamosi. Mtu amepewa nafsi ya mwingine aicheze mbele ya watu, na waliopo wote wanajua isipokuwa mgeni. Tofauti ni kwamba sisi tukikosea tunaanza upya, na Mpamarugamba angalikosea wangalikufa watu. Tena nikaona kwamba hila hii haikuwa ya ubaya wote. Wageni wale walikuja kuitwaa nchi, na mama aliyemficha mtoto wake alikuwa na haki ya kuogopa. Mtu yule yule aliyemzunguka Rutarindwa aliwazunguka na wakoloni, tena kwa akili ile ile moja.

Mapadri walipewa Save, kusini, mwaka 1900; na mwaka 1901 walifungua misioni ya Nyundo, hapa karibu yetu. Mwaka 1907 Dr. Richard Kandt akawa Residenti wa Wadachi, na makao yake yakawa Kigali. Kadiri siku zilivyopita Kanjogera na mwanawe waliona kwamba bunduki za Wadachi zilikuwa na faida. Wale waliowadanganya jana ndio waliowategemea leo.

Sababu yake ni kwamba wafu wa Rucunshu hawakulala. Ilipofika mwaka 1911 na 1912, huku kaskazini alitokea mtu aliyeitwa Ndungutse, naye alijitangaza kuwa mwana wa Rutarindwa. Je, alikuwa mwanawe kweli, au alikuwa ayari mwingine? Watu wengi wa kaskazini waliochoshwa na wakubwa wa Nyanza walimfuata bila kuuliza sana. Mwezi wa Aprili 1912 Luteni Gudovius na askari wake walimshambulia, wakauvunja uasi huo, na nyumba na mashamba ya watu wengi yakateketezwa. Wakulima waliokuwa hawajapata kuiona Rucunshu walilipa deni la Rucunshu.

Hata nyumbani kwake Kanjogera hakuwa na amani. Kabare na Ruhinankiko, ndugu wa damu moja, walioshinda pamoja, waligombania nguvu baada ya kushinda. Mara Ruhinankiko alikuwa juu, mara Kabare. Mwishowe Ruhinankiko alifukuzwa. Kabare alikufa mwaka 1911. Dada yao akabaki na mwanawe, ambaye sasa alikuwa mtu mzima, naye alikuwa amejifunza kusoma na kuandika lugha hii hii ya Kiswahili ninayoiandika, ambayo tangu mwaka 1917, nasema vibaya, tangu mwaka 2017 ni lugha rasmi mojawapo ya nchi yetu.

Nao mwaka huo wa 1917 ulioniponyoka una habari yake. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, mji wetu wa Gisenyi ulikuwa mpakani, na Wadachi chini ya Kapteni Wintgens waliushika mpaka huo hata mwaka 1916. Wabelgiji walipowasukuma nyuma wakaitwaa nchi yote, Nyanza pia. Mwaka 1917 Wabelgiji walimwondolea Musinga uwezo wa kumhukumu mtu kifo. Mwaka 1925 Gashamura, mkuu wa mambo ya ibada za ufalme, alihamishwa akapelekwa Burundi, na sikukuu ya malimbuko ikakatazwa. Mamlaka ya mama na mwana yalipungua mwaka hata mwaka. Musinga alikataa kuwa Mkristo, wala hakupatana na wakubwa wapya.

Tarehe 12 Novemba 1931 Wabelgiji, chini ya Gavana Voisin, walimwondoa Musinga katika ufalme. Siku mbili baadaye alitoka Nyanza kwenda Kamembe, kusini mwa ziwa, na Kanjogera akaondoka pamoja naye. Tarehe 16 Novemba mwana wa Musinga, Rudahigwa, akatawazwa mahali pa baba yake. Basi mwanamke aliyemwondoa mfalme mmoja akamweka mwanawe, aliishi hata akaona mkono wenye nguvu kuliko wake ukimwondoa mwanawe na kumweka mjukuu wake. Na Kankazi, mama yake Rudahigwa, akashika cheo cha mama wa mfalme. Kanjogera alikufa huko Kamembe mwaka 1933. Musinga alipelekwa Kongo mwaka 1940, akafa Moba mwaka 1944.

Hayo ndiyo maisha yake. Yapo na masimulizi mengine. Husemwa kwamba alikuwa na upanga ulioitwa Ruhuga, na kwamba aliua watu kwa mkono wake mwenyewe. Na mengine husimuliwa ambayo hayafai kuandikwa katika gazeti la shule. Sina sababu ya kumtetea. Walakini nimeona kwamba mambo ya Rucunshu yalifanywa na wengi, wanaume kwa wanawake, na katika masimulizi ya watu yeye hubeba mzigo mkubwa kuliko ndugu zake. Mtu akiisha kupewa jina la uovu, kila uovu usio na mwenyewe hutafuta mlango wake.

Nilirudi kwa mwalimu na jibu langu. Nalimwambia kwamba sikuona damu mahali popote. Kama hila ingekuwa ya damu, Kabare na Ruhinankiko wasingalizungukana, maana damu yao ilikuwa moja. Nilichokiona ni milango. Mwaka 1889 palikuwa na mlango wa kuwa mama mwaminifu. Mwaka 1895, Rwabugiri alipokufa, mlango huo ulikuwa wazi bado. Walinzi walipokuwa wakipungua, mlango ulikuwa wazi bado. Kila mara alipita mlango mwingine, na kila alipopita, ule uliobaki nyuma ulizidi kuwa mwembamba. Mwalimu alinisikiliza, kisha akaniuliza kama nimekwisha kumwambia maneno hayo yule rafiki yangu. Nikaona haya, kwa sababu nilikuwa sijamwambia.

Jioni ile nilikwenda kwao. Nilimwomba radhi mbele ya mama yake, nami niliziona zile picha za ukutani. Sikukaa sana, wala sikusema mengi. Jumamosi iliyofuata alikuja kucheza.

Nilimtunga malkia wangu upya. Macho mekundu niliyaondoa, na kicheko pia. Ukoo wake ukawa ukoo kama koo nyingine zote, wenye watu wema na wabaya. Yeye alikuwa mama wa kupewa wa mfalme kijana, na wachezaji walikuwa walinzi wa mfalme huyo. Aliwapa mablanketi wakati wa baridi. Aliwaambia kweli mara nyingi, tena kweli zenye faida, maana ayari anayesema uongo kila saa hawezi kumdanganya mtu yeyote. Alikuwa na mtoto wake wa kumzaa, na mtoto huyo nilimweka wazi tangu mwanzo, akicheza uani mbele ya macho yao. Kisha mlinzi mmoja akafa vitani. Mwingine akasingiziwa wizi wa ng'ombe. Sikuficha hata jambo moja, kwa kuwa si haki msimulizi awadanganye wenzake kwa kuwaficha dalili. Dalili lazima ziwepo, na hila iwe katika kuzipanga.

Jumamosi tatu walimshuku kila mtu isipokuwa yeye. Jumamosi ya nne yule rafiki yangu, aliyecheza mganga, aliuliza swali dogo tu: mbona nyumba ya mtoto wa malkia ina walinzi saba usiku, na ya mfalme ina mmoja? Pakawa kimya. Mmoja akachukua dadu, kisha akazirudisha mezani bila kuzitupa.

Basi wakaanza kushauriana watafanya nini. Wa kwanza alitaka wamwue malkia. Wa pili alisema haitoshi, afadhali na mtoto wake pia, asije akalipiza kisasi. Nalikaa kimya, kwa maana msimulizi hawachagulii wachezaji. Ndipo mganga akakataa. Alisema mtoto yule hana kosa ila kuzaliwa, na kwamba wakimwua kwa ajili ya mama yake watakuwa wamekwisha kuwa yeye. Walibishana mpaka jua likashuka ziwani. Mwishowe usiku, katika hadithi, waliwatoa watoto wote wawili, mfalme na mwana wa malkia, wakawavusha ziwa kwa mtumbwi mmoja. Malkia aliamka akakuta nyumba mbili tupu. Hakuna aliyemgusa. Alibaki hai, na boma lake, na walinzi wake saba wasio na wa kumlinda.

Nimeandika haya, ndugu zangu, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwa ajili ya wale wanaopenda kutunga hadithi, michezo na maigizo katika shule yetu: msiwape maadui wenu pembe na mikia. Wapeni cheo cha halali, mapenzi ya kweli na woga wa kweli, kisha waacheni wachague vibaya. Hapo wasikilizaji watawaogopa, kwa sababu kila mmoja atajiuliza yeye mwenyewe angechagua nini.

Ya pili ni kwa sisi sote. Katika nchi hii tunajua kuliko wengi kwamba hadithi si upepo. Anayesimulia kwamba fulani amezaliwa mbaya amekwisha kufunga milango yote ya mtu yule, tena kwa mkono wake. Kanjogera alitenda mabaya makubwa, nasi tunaweza kuyasema wazi, kwa majina na miaka, bila kumhukumu mtu mwingine yeyote aliyezaliwa kabla yake au baada yake.

Ndugu zetu mliomaliza zamani, ikiwa mlisikia kwa wazee wenu habari nyingine za Rucunshu au za mama huyu, tafadhali ziandikeni mtuletee, nasi tutazisoma kwa furaha. Kwa sasa naishia hapa. Kwaherini.